Maneno ya Muntu Aliyerudi Toka Inde

Lushebere, Masisi
Tarehe 9 juni 1958

Mupendwa mudogo wangu Hilaire,

Nakusalimia sana, mutoto wa mama yangu. Unalala muzuri? Ile homa uliyoandika kisha Pasaka iliisha kabisa, ao unaificha juu Mama asisikie? Huku tuko wazima. Mvua imekata, maharagi iko inakauka kwa lupango, mbele ya nyumba. Bwana yangu Édouard alikohoa sana lakini sasa amerudi kufundisha.

Najua macho yako inakimbia chini ya karatasi kutafuta jibu ya Mama. Ngoja kidogo. Naandika nikisimama, na kila mara naenda mulangoni kusikiliza kama kamyo, ile lori ya pareto, inashuka, maana njo itafikisha hii barua Goma. Tangu ulituambia kama mapadri wa iniversite wamekuchagua uende kusoma mwaka moja Calcutta, kule Inde kwa Wahindi, na mwanafunzi wa kule akuje kushika nafasi yako Léopoldville, sijakaa pahali pamoja.

Édouard alimusomea Mama barua yako, Mama akataka aisome tena. Kisha akasema: «Mutoto wangu aende, mutoto wa wengine alale mu kitanda yake? Hapana. Kama muntu aliyefika kule akarudi hajanieleza na kinywa yake, mi sikubali.» Akaendelea kupepeta maharagi. Na wewe uliandika kama bila ruhusa yake hutapanda ndege.

Édouard njo alikumbuka kuna muntu mu Walikale, Papa Barthélemy, ambaye wakati wa vita walimupeleka Inde na Birmanie, ile Waingereza wanaita Burma, kubeba wagonjwa mu hospitali ya waaskari. Sikungoja. Nikafunga maharagi mu kitunga, nikapanda kamyo mupaka Nyabiondo, halafu nikashika njia ya pori na miguu. Matope ilinikula kiatu moja, ya pili nikaitupa.

Nilimukuta anashona wavu wa kuwinda. Nilipotaja Inde tu, akasimama. «Mama, ile inchi mi siisemi.» Akaingia porini. Hilaire, nililia kama mutoto. Bibi yake akanipa ndizi za kuchoma, akaniambia: «Atarudi. Kukaa hawezi, kwenda mbali hawezi. Iko vile tangu siku alirudi.»

Kweli akarudi, ndizi bado za moto. Akauliza: «Ule kijana anakwenda kupigana?» Nikamujibu anakwenda kusoma. «Kusoma tu?» Kusoma tu, Papa. Hapo akaanza kusema, lakini hakukaa: alizunguka lupango, mi nageuza shingo kumufuata. Shika yote vile nilishika.

Maji ya kule usikunywe kama haijachemuka mbele ya macho yako. Kunywa chai, inauzwa kila pahali. Na usishangae: chai wanaita vilevile chai! Sabuni ni sabun, duka dukan, kitabu kitab, hata habari wanaijua. Anasema siku alipotea mu soko kubwa, alisimama akataja maneno yetu moja moja, mupaka muntu moja akamushika mukono akamurudisha.

Ukiuliza kitu, muntu akatingisha kichwa huku na huku, usifikiri amekataa. Njo kukubali kwao. Papa Barthélemy alilala njaa siku moja juu ya ile kichwa.

Kula na mukono wa kuume, wa kushoto uuweke chini. Vua viatu mbele ya kuingia kwa watu. Kichwa ya muntu usiiguse, hata ya mutoto unayemupenda; kule Birmanie aliona wanakasirika sana. Wakikupa maji mu kopo ya wote, midomo isifike pale: inua kopo juu, umimine. Jifunze sasa, usiende kulowanisha shati mbele ya wageni.

Ngombe! Wewe umekulia mu ngombe za Masisi, lakini kule ngombe inatembea katikati ya muji na hakuna anayeipiga. Usishike fimbo. Na usianze kusimulia vile tunachoma nyama hapa siku ya sikukuu.

Mu treni watu wanalala na kupika humo. Funga sanduku yako na kamba ku muguu. Ikisimama, usishuke kutembea, inaondokaka bila kuita. Mvua yao ikianza haichoki, inaozesha vidole vya miguu. Vikaushe kila mangaribi. Watoto watakugusa ngozi na nywele. Usikasirike, anasema, nao wanakuwa wanaogopa kuliko wewe.

Halafu akashika tena wavu wake. Nilimuuliza sababu gani basi hapendi kuisema inchi iliyomupokea muzuri vile. Njo akanieleza. Hakujua kuandika, akafikiri wakubwa wake watatuma habari nyumbani. Hakuna aliyetuma. Mama yake alingoja, akangoja, mwisho wazee wakasema amekufa. Wakakata mugomba, wakaufunika nguo yake, wakauzika pahali pake na kumulilia. Vita ilipoisha, akatokea mu njia na kofia ya askari. Mama yake alimuona, akakimbia, akafunga mulango. Alisimama inje akiita jina lake mwenyewe mupaka jua likageuka. Tangu ile siku watu wanamusalimia, wanacheka naye, lakini hakuna anayepita karibu na ile kaburi pamoja naye.

Nikamwambia: «Papa, kuja unisaidie kwa Mama. Lakini ile ya mugomba uiache.» Akanitazama. «Nikiiacha, nimemudanganya mama wa muntu.» Akabeba kitunga yangu, tukaondoka.

Mama alimutandikia mukeka, akamupa maziwa. Papa Barthélemy akamweleza yote, ya chai, ya treni, ya ngombe. Mama alicheka juu ya ngombe. Halafu akaeleza ya mugomba. Mi nikatoka inje, nikarudi, nikatoka tena. Nilisema moyoni: sasa tumemupotezea Hilaire safari yake.

Mama akamuongezea Papa Barthélemy maziwa. Kisha akauliza kitu ambacho hatukufikiri: «Na mama wa ule mutoto wa Inde, naye amekataa?»

Hakuna aliyejua. Papa Barthélemy akasema pengine naye iko anatafuta muntu aliyefika Congo akarudi.

Mama akasimama. «Basi Hilaire aende. Afike kwa ule mama, amwambie mutoto wake hatakosa chakula. Wakati wa likizo wamulete hapa, nitamupa maziwa. Na aandike. Hata mustari moja kila mwezi. Lakini barua ikikawia, hata miaka, mugomba wangu hakuna atakayeukata. Mi nitangoja mutoto, si maiti.»

Kwa hiyo uende, mudogo wangu. Mi bado natembeatembea mu nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nafikiri njaa ya njia imeniingia. Nimemwambia Édouard nataka kwenda Goma kujifunza kazi ya kuzalisha kwa wamasere, wale watawa wa misioni. Hajajibu, lakini hakukataa. Uniombee.

Musalimie ndugu yetu Honoré anayekulalisha kwake, na bibi yake Valérie. Hapa wanakusalimia Édouard, watoto, na Colette mudogo wetu, anayetaka umuletee bangili. Papa Barthélemy amebaki siku chache, anamusaidia Mama kuvuna. Jana nilimuona amekaa chini, amenyoosha miguu.

Mungu akutangulie mu ndege na mu treni, akupe watu wa kukuita kwa jina.

Kamyo imefika, dereva anapiga honi. Mama amekataa nifunge barua: anataka kuweka mukono wake mwenyewe, yeye ambaye hajawahi kushika kalamu. Ameikaza sana. Pale chini karatasi imepasuka, usifikiri ni njia iliyoiharibu. Pale njo Mama.

Mi yaya yako, dada yako mukubwa, anayekupenda tangu nilikubeba mugongoni,
Emérence