Vitanda vya Mbao za Mama Mkwe

Alhamisi, 14 Juni
Afisa Luo wa mazingira kaja tena na kijiti chake. Kakitumbukiza bwawani, kakitoa, kapima kwa mkono. Zimebaki shibiri mbili tu kufika ukingoni, kisha mavi ya nguruwe yatamwagika kijitoni. Na mvua yenyewe hii ya kila siku! Kasema Ijumaa ijayo akute bwawa limeshuka, la sivyo banda linavunjwa. Nguruwe sitini!

Nikamwonyesha funza wangu. Kaziba pua. "Dada Shuyun, hawa ndio wa kukuokoa?" Ndio hawa, bwana! Nachota bwawani, nachanganya na pumba za mpunga, nawapa, wanamaliza. Kinachobaki ni mbolea kavu isiyonuka.

Vitanda vyao vinne nimevijenga kwa mbao za jeneza alizojiwekea mama mkwe mwenyewe. Alizitunza darini miaka kumi na mitatu, kila mwaka anazipaka vanishi. Mwezi wa tatu kaziteremsha mwenyewe. "Mimi bado sifi. Nguruwe wakiondoka ndipo nitakufa." Nililia, yeye akanicheka.

Jumatatu, 18 Juni
Sikukuu ya mitumbwi. Mama mkwe kapika wali wa kunata wa kufunga kwenye majani, nimekula vifurushi vinne bila aibu. Kaning'iniza majani machungu ya pakanga mlangoni. Kisha kachanganya ule unga mwekundu wa jiwe la dawa na pombe kali, kama kila mwaka, akawa ananyunyiza pembe za nyumba kufukuza nyoka, nge na kila mdudu.

Mimi niko bwawani na ndoo, nimeinama. Namsikia: "Shuyun! Na kule kwa funza ninyunyize? Vyura na tandu wasije wakawala!" Nikajibu bila kuinua kichwa, nyunyiza mama, kila pembe.

Bwawa limeshuka karibu shibiri nzima! Leo nitalala vizuri.

Jumanne, 19 Juni
Funza wanatoka. Kwa maelfu! Wanapanda mbao, wanaanguka sakafuni, wanajikunja. Nimewarudisha kwa koleo, wanatoka tena. Nimeongeza pumba — wapi! Mume wangu kapiga simu kutoka kazini kwake mjini, anasema labda ni joto. Joto gani na mvua hii, Hanlin?

Jumatano, 20 Juni
Vitanda vitatu vimekufa. Vyote vitatu. Funza weusi, laini, ukiwashika wanapasuka.

Cha nne, kile cha nyuma ya mlango — wazima! Wanachemka kama uji. Mavi yale yale, pumba zile zile. Nimezunguka pale kama kichaa. Kisha nikayaona kwenye mbao. Matone mekundu yaliyokauka. Vitanda vitatu vina matone. Cha nne hakina.

Ee mbingu! Unga wa kufukuza wadudu. Na funza ni nini kama si wadudu? Nyunyiza mama, kila pembe. Mdomo wangu huu huu! Maji yakimwagika hayazoleki, na haya nimeyamwaga mimi.

Mama mkwe kaja, kaangalia, kakaa chini kwenye matope. "Ni mbao zangu, mwanangu. Mbao za maiti hazifugi kitu kizima. Nimewaletea mkosi." Nikafungua mdomo nimwambie. Nikaufunga. Mwoga mimi!

Alhamisi, 21 Juni
Mvua. Bwawa limepanda tena, imebaki shibiri moja limwagike.

Mama mkwe hajala tangu jana. Kachoma ubani mbele ya vitanda, anawaomba funza radhi. Nikimwambia ni ule unga, atajua ni mkono wake. Nisipomwambia, ataamini jeneza lake lina laana. Lipi afadhali? Sijui. Nimekata tamaa hadi nimechoka kukata tamaa.

Kimebaki kitanda cha nne. Wale wakipona watakuwa inzi, inzi watataga, nitaanza upya. Wakifa sina mbegu. Kesho nitamwonyesha Luo hicho kimoja, nimpigie magoti, anipe mwezi mmoja.

Ijumaa, 22 Juni
Naandika nimekaa kwenye ukingo wa kitanda cha nne. Sababu hii hapa.

Asubuhi mama mkwe kaamka mchangamfu, kanywa hata uji. Kasema amekumbuka: siku ile pombe ilimwishia, cha nne hakukifikia. "Hakina kinga, Shuyun! Nacho kitakufa, tena leo, mbele ya Luo!" Vitatu alivyovinyunyizia vimekufa, kisichonyunyiziwa ni kizima, na bado haoni! Anachoamini yeye tangu utotoni, vitanda vinne haviwezi kukibadilisha. Kaenda jikoni kuchanganya mwingine. Nami badala ya kumzuia nimekimbilia huku na daftari. Akili yangu hiyo.

Honi inalia getini. Ni Luo.

Na mama mkwe huyu hapa na bakuli lake jekundu, anatabasamu. "Inuka, mwanangu. Umekalia pembe yenyewe." Siinuki. "Mbona unaandika, na mgeni yuko getini? Inuka!"

Mama, ni mimi niliyekwambia nyunyiza.

Neno hilo nimeliandika kwanza, nione kama linaandikika. Sasa kulisema —