Shavu la Ndunge

Mountain View, Nairobi
Jumatano

Mama mpendwa,

Mulembe. Natumaini magoti yako yametulia na baridi ya asubuhi haikusumbui. Na yule ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa, alizaa? Sisi huku tu wazima sasa, hata mtoto. Nasema sasa kwa sababu wiki jana hatukuwa wazima, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Chumba chetu ni kimoja tumekigawa kwa pazia, na mama mkwe wangu husikia hata sufuria ikifunikwa. Barua hii ataileta binamu Wekesa, anasafiri kesho.

Najua mume wangu Mutua alikupigia Jumapili akakuomba uje umlee mtoto, kwamba mama mkwe amemuumiza na Ijumaa anarudishwa kwao Makueni. Mama, usipande gari kabla hujaisoma hii mpaka mwisho.

Nianze na ngozi yenyewe. Hakuna aliyeniambia kwamba mtoto mchanga anaweza kutia kinyaa. Wewe ulizaa sita na hukusema neno. Siku ya pili alitoka madoa mekundu mwili mzima, kila moja na kichwa cheupe, nikadhani ni surua. Yakaisha yenyewe. Kisha miguu ikabambuka kama kiazi kilichochemshwa. Puani vitone vyeupe. Halafu kichwani ukaja utando wa manjano, una mafuta, umeshikilia nywele kama ukoko wa ugali. Nilikuwa nikimnyonyesha huku nikiangalia ukuta. Hilo sijamwambia mtu mwingine.

Na wageni nao! Jirani mmoja wa kanisani alifungua nepi iliyolowa akasema, "Mpanguse nayo uso, mkojo yake mwenyewe ndiyo dawa." Alikuwa ameshaikunja mkononi tayari. Nilimnyang'anya mtoto. Mwingine alimbusu midomo ikiwa bado inang'aa mafuta ya nyama. Mama mkwe naye alikuja na samli kwenye kopo, ya tangu lini sijui, akawa anampaka kichwani kila jioni hadi nyumba inanuka maziwa yaliyooza. Nikimkataza ananijibu, "Huyu ni wajina wangu, ngozi yetu naijua." Maana kwao msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Basi yeye ni Ndunge na mtoto ni Ndunge, Mutua akimbeba humwita mtoto "mama", na mimi niko hapo katikati kama mpangaji.

Wiki ya tatu zikatoka chunusi mashavuni, za kweli, kama za kijana wa sekondari. Na siku hiyo walikuwa wanakuja kumwona wale ninaowapikia chai ofisini Westlands. Hao watu wananukia vizuri, mama, na kila kitu wanakipiga picha. Niliona aibu. Mama mkwe alikuwa ameenda Kangemi kununua mboga. Nikamlaza mtoto karibu na dirisha, nikazikamua kwa kucha.

Ya kwanza ilitoa kitu cheupe kama punje ya uji. Sitakudanganya, nilifurahi. Nikaenda ya pili, ya tatu, hadi saba. Alilia mpaka sauti ikakauka, nami namwambia nyamaza, tunakaribia kumaliza. Usaha nimeuona mwingi baada ya hapo, lakini kinachonitapisha mpaka leo ni ile furaha.

Wageni walipofika wakasema, "Aki mtoto wako ni mrembo, hizo mashavu!" Wakapiga picha zao.

Siku mbili baadaye shavu la kushoto lilikuwa limevimba, gumu, la moto, na linatoa maji ya kijani. Mwili ulikuwa unachemka na hataki kunyonya. Tulikimbia hospitali sisi watatu, mimi, Mutua na mama yake. Muuguzi aliangalia mara moja tu.

"Nani amekamua huyu mtoto? Hizi chunusi huisha zenyewe, ni maji na kitambaa safi tu. Sasa mmeingiza uchafu ndani."

Mutua akaniangalia. Nikasema, "Ni mama. Mimi nilikuwa nimelala."

Mama yake alikuwa amesimama pale na chupa yetu ya chai. Aliiweka chini. Kisha akasema, "Mnisamehe."

Tulilazwa siku nne, mtoto akipewa dawa kupitia mshipa. Wametuambia amepona, kitabaki kikovu. Tangu hapo Mutua haongei na mama yake ila kumtajia siku ya gari. Mama mkwe anafua, anapika, na mtoto hamgusi. Jana nilimkuta akinawa mikono kwa sabuni mara ya tatu, na hakuna aliyekuwa amempa mtoto amshike. Mama, mimi ndiye uchafu wa nyumba hii.

Sasa ni saa kumi na moja, namsikia Mutua langoni. Naiweka kalamu nikamwambie.

Nimemwambia, mama yake akisikia. Alikaa kwenye ndoo. Kisha akamgeukia mama yake. "Mbona hukusema?"

"Ningesema ungefukuza nani?" akamjibu. "Na mtoto angenyonya wapi?"

Halafu mama mkwe akafungua mkoba wake uliokuwa umeshafungwa kwa safari, akatoa wembe, akaniambia nilete mikono. Amezikata kucha zote kumi, fupi hadi zinauma. Sikumzuia.

Kwa hiyo ukija, mama, uje kusalimia tu. Nafasi uliyoitiwa ina mwenyewe. Msalimie baba na baiskeli zake za kutengeneza, kaka anayechoma matofali, na nyanya asiyesikia. Na shangazi wa sokoni usimsalimie tu. Najua ndiye wa kwanza uliyemwambia kwamba mwanamke wa Kikamba ameharibu mjukuu wako. Rudi kwake, na kwa wote aliowapelekea, uwaambie ni nani aliyemkamua mtoto, na jina ulitaje lote.

Ni mimi binti yako wa tatu,
Nafula