Mikwaruzo kwenye Gari Jeusi

Jumapili, 6 Aprili
Saa kumi na moja alfajiri. Vumbi tena. Gari jeusi limekuwa la kijivu. Maji kwanza, kuanzia paani kushuka chini, mpaka mchanga uteremke wenyewe. Hakuna kugusa. Kisha ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa. Kitambaa laini, napapasa tu. Mchanga wa Riyadh ni msasa. Ukiupangusa mkavu unachora rangi, na gari jeusi halifichi kitu.

Bosi ananiangalia kwa kamera ya getini. Nikisimama kunyoosha mgongo, simu inalia. "Yalla, haraka, dereva."

Miaka miwili na miezi minne hapa mtaa wa Al-Malqa. Mkataba ulikuwa wa miwili.

Jumatatu, 7 Aprili
Mkawasi amepiga kutoka hospitali Voi. Ni binti wa mama mdogo, ndiye anayekaa na Mama. Kidonda cha mguu wa Mama kimeoza. Sukari. Daktari anataka kuukata chini ya goti. Mama amekataa kutia kidole kwenye karatasi ya kukubali upasuaji mpaka nije. Hana mtoto mwingine. Anataka aamke anikute.

Nimesema nitaomba ruhusa. Nimekata simu, nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa na hasira, hata na Mama. Kwa nini aning'ang'anie mimi, mtu nisiyeweza hata kutoka getini bila kuulizwa?

Jumatano, 9 Aprili
Nimemwomba bosi. Ndiye kafili wangu, mdhamini wangu kisheria. Pasipoti yangu iko kwenye kabati lake, na asiponitolea kibali kwenye simu yake sivuki mpaka. Alinisikiliza huku anakula tende. Jibu: baada ya harusi ya dada yake Jeddah, wiki ijayo, nikiwa na tabia nzuri.

Tabia nzuri. Nina miaka thelathini na minane.

Lakini amekubali. Nimempigia Mama. Kasema atangoja. Daktari je, atangoja?

Ijumaa, 11 Aprili
Mchana anga iligeuka rangi ya matofali. Upepo ukaja na jangwa lote. Niliziba mlango wa chumba changu kwa taulo mbichi, bado nikatema mchanga. Turubai la gari limeng'olewa. Sijui limeangukia nyumba ya nani.

Upepo ulipotulia nilitoka kuangalia. Gari limefukiwa. Juu ya boneti vumbi limesimama unene wa kidole.

Jumamosi, 12 Aprili
Siku mbaya. Niandike kama ilivyokuwa.

Saa mbili asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba nikivuta mpira wa maji. Presha ilikuwa ndogo, kila mtaa ulikuwa unaosha. Bosi akatoka, amechelewa miadi. Hakungoja. Nilipokunja kona nikamwona anapangusa gari kwa kitambaa kikavu cha mezani. Kioo, mlango, boneti yote. Kwa nguvu, mizunguko mikubwa. Nikapiga kelele, "Bosi, la! Maji kwanza!" Akatupa kitambaa chini, akaingia, akaendesha mwenyewe.

Alasiri akarudi. Jua likapiga boneti. Mikwaruzo kila mahali, kama mtu amesugulia sufuria. Akaniita. Akaniuliza nimefanya nini.

Mimi!

Nikafungua mdomo, akainua mkono. "Halas. Mafi safari." Basi, hakuna safari ya nyumbani.

Sijui kama amesahau kweli au anajidanganya. Sijui kipi kibaya zaidi.

Jumapili, 13 Aprili
Rehema, anayefanya kazi ndani ya nyumba, ni wa Mombasa. Alikuja na chai, akasimama mlangoni.

"Kaka Mwadime, mimi nilimwona dirishani. Ni yeye."

"Utasema?"

Akatazama chini. "Nikisema, mimi nawe tutakwama hapa. Na wewe usiseme. Omba msamaha tu, yaishe."

Simlaumu. Lakini chai sikuinywa.

Jumatatu, 14 Aprili
Daktari amesema wiki hii, la sivyo sumu itaingia kwenye damu. Mkawasi alikuwa analia. Nikamwambia ampe Mama simu.

Nikadanganya. Nimesema tikiti ninayo, Alhamisi niko kando ya kitanda chake, atie kidole wasipoteze muda.

Nikamsikia Mama, "Mkawasi, lete hiyo karatasi."

Sijawahi kumdanganya mama yangu jambo kubwa. Limetoka mdomoni laini sana.

Jumanne, 15 Aprili
Riyadh mpaka Jeddah, kutwa nzima. Bosi na madam, mkewe, nyuma. Hakuna aliyeniambia neno ila "punguza AC" na "ongeza AC". Barabara imenyooka mpaka unahisi huendi popote. Mara mbili nimewaza nisimame, nishuke, nitembee. Kwenda wapi? Ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, ina jina lake.

Jumatano, 16 Aprili
Leo ndiyo siku ya upasuaji wa Mama.

Bosi amelala hotelini, kanipa ruhusa mpaka adhuhuri. Nimelipeleka gari mtaa wa Karantina kwa Omondi. Tulikuja naye ndege moja. Sasa anapaka rangi magari kwenye karakana huko. Akainama, akapitisha ukucha juu ya boneti.

"Ukucha haunasi. Imekwaruzika ngozi ya juu tu. Hii inatoka, ndugu yangu."

Tuliosha kwanza, mara mbili. Kisha polishi na mashine ya kusugua, taratibu, kipande kwa kipande. Omondi hakuniuliza mengi. Alipoona natazama simu kila dakika akaniachia nishike mashine, mikono ipate kazi.

Saa sita kasoro Mkawasi akapiga. Mguu umekatwa. Yuko hai. Hajaamka.

Nimeinama kwenye boneti, nikalia mpaka Omondi akaenda kujifanya anatafuta kitambaa.

Alhamisi, 17 Aprili
Bosi ameliona gari. Akazunguka mara mbili. Akacheka.

"Unaona? Ulijua umeharibu wewe. Ndiyo maana umetengeneza."

Hapo kitu kikakatika. Sikupiga kelele. Nilisema kwa Kiarabu changu kibovu, polepole ili nisikosee:

"Bosi, mkono ulikuwa wako. Tazama kamera ya getini. Jumamosi, saa mbili asubuhi."

Uso wake ukajikunja. Akanionyesha kidole, akafoka kwamba atanirudisha ofisi ya wakala nikachukuliwe na kafili mwingine, huko kusiko na barabara. Kisha akaingia harusini.

Nimekaa garini mpaka ikaisha. Nimejifungia mlango mwenyewe.

Ijumaa, 18 Aprili
Ijumaa Kuu. Nimesali kimya kwenye maegesho ya hoteli, kofia usoni.

Mama ameamka vizuri. Kaomba simu.

"Nilijua huji, Mwadime. Ungekuwa unakuja kweli, ungeniuliza nataka uniletee nini."

"Sasa Mama, mbona ulitia kidole?"

"Nilikusikia umechoka."



Jumamosi, 19 Aprili
Tumerudi Riyadh. Baada ya Taif, madam alilala. Bosi akatoa simu. Kwenye kioo nilimwona anatelezesha kidole, anatafuta, anasimama. Kutoka kwenye simu nikasikia sauti yangu mwenyewe. "Bosi, la! Maji kwanza!"

Aliirudia. Mara tatu nimehesabu. Kisha akaigeuza simu kifudifudi pajani, akatazama nje.

Kwenye kituo cha mafuta alishuka mwenyewe. Akarudi na bilauri mbili za chai. Moja akaniwekea mbele. Hakusema samahani. Nami sikusema shukran. Nimeinywa yote.

Jumatatu, 21 Aprili
Saa nne simu ikalia ujumbe. Kibali cha kutoka na kurudi, siku sitini. Nimesoma jina langu herufi kwa herufi. Baadaye Rehema akaniletea pasipoti ndani ya bahasha ya madam. Akaniomba msamaha. Nikamwambia hana kosa. Ni kweli, ila imenichukua wiki kuamini.

Bosi sijamwona tangu jana. Kuna dereva wa muda kutoka mtaa wa Suwaidi anakuja kesho. Nimempigia kumweleza kazi.

Sijui kama nitarudi. Sijaamua, na ni raha kuwa na kitu cha kuamua.

Jumapili, 27 Aprili
Nyumbani Wundanyi. Mvua tangu asubuhi, ukungu umefika mpaka jikoni.

Tumemtoa Mama hospitali juzi. Amekonda. Leo amekula ugali kidogo na mboga, akamgombeza Mkawasi kwa chumvi. Dalili nzuri.

Alasiri aliniita nimfunike mguu, unamuuma kwa baridi. Nikavuta blanketi upande wa kulia. "Sio huo," akasema. "Ule mwingine."

Nikalivuta mpaka pale palipokuwa na mguu. Nikapafunika vizuri. Akalala.