Kikopo Chenye Jina la Mama

Nyumba ya Fundi Cherehani,
Mtaa wa Pili,
S.L.P. 118.
14 Mei

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na wale wazee unaowatunza huko, hawajambo? Yule bibi anayeficha meno yake ya bandia ndani ya soksi, bado anayasahau? Nikimkumbuka hucheka peke yangu, na siku hizi kucheka kwangu ni kwa nadra.

Kwetu sitaandika kwamba hatujambo. Nimezoea kuandika hivyo hata mambo yakiharibika, lakini leo nikiandika hivyo nitakuwa nimeongeza uongo juu ya uongo. Mdogo wangu Chiriku amelazwa hospitali, na leo ni siku ya kumi na moja.

Unakumbuka ulipokuwa hapa mwezi wa pili alivyokuchosha kwa maswali? Kwa nini goti lako linalia, kwa nini kuku hana masikio. Sasa hasemi neno. Alianza kwa homa na kutapika, akapewa dawa, homa ikashuka, ikapanda tena. Kisha shingo ikakaza, akawa anatazama ukuta tu. Daktari alimtoa maji mgongoni na kutuambia ni kifua kikuu, kimefika hadi kwenye utando wa ubongo. Mimi sikujua kwamba kifua kikuu kinaweza kukiacha kifua kikaenda kwingine. Analishwa kwa mpira unaopita puani. Jana alinishika kidole nikafurahi sana, halafu nesi akaniambia taratibu kwamba watoto wa hali ile hushika tu, nisitegemee sana.

Daktari aliuliza, "Nyumbani nani anakohoa?" Alieleza kwamba mtoto wa miaka mitatu mara nyingi hupewa ugonjwa huu na mtu mzima anayelala naye au kushinda naye chumba kimoja. Mama alikuwa kando yangu, leso mdomoni. Akajibu, "Mimi nilipimwa mwezi uliopita, daktari. Niko safi, cheti kipo."

Cheti kipo kweli. Na hicho cheti ndicho kinachonikosesha usingizi, Mama Mkubwa. Ningekupigia simu, lakini unanijua, kwenye simu hutoka "ndiyo" na "hapana" basi. Kalamu haiangalii mtu usoni.

Nilipomaliza shule, nikisubiri matokeo, nilipata nafasi ya kujitolea kliniki. Walitaka mtu mwenye mwandiko mzuri wa kuandika majina kwenye vikopo vya makohozi na kuyanakili daftarini. Nilifurahi kwa sababu kazi haikuhitaji maneno mengi. Anayenisimamia tunamwita Bi Daftari. Kazi yake ni kufuatilia nyumba za wagonjwa, nani kakaa na nani, chumba gani, muda gani. Alinifundisha kwamba jina huandikwa ubavuni mwa kikopo, kamwe si kwenye mfuniko, maana mifuniko huchanganyika. Na kwamba makohozi yanayofaa ni ya asubuhi, yatoke chini kifuani, yasiwe mate.

Kila alipokuwa akiwaeleza wagonjwa dalili, nilikuwa nasikia kikohozi cha mama. Wewe mwenyewe ulikisikia, akakuambia ni vumbi la vitambaa. Mwanzoni mwa mwezi wa nne nikamletea kikopo nyumbani, nimeandika jina lake ubavuni kwa mwandiko wangu bora kabisa. Alicheka. Alikuwa na kazi ya magauni kumi na mawili meupe ya kwaya, akasema mteja akisikia fundi anapimwa kifua kikuu, hata shanga hatakuja kuchukua. Kikopo kilikaa siku tatu juu ya kabati. Asubuhi ya nne akanipa mimi.

"Kohoa wewe."

"Mama, ni chako."

"Kwani wewe hukutoka humu tumboni? Makohozi yako na yangu yana tofauti gani?"

Nilidhani ni mzaha. Nikamtazama, nikaona si mzaha. Tangu baba afariki sijawahi kumwambia mama hapana, na siku ile pia sikujua neno hilo linaanzia wapi. Nikakohoa. Nikakipeleka mwenyewe maabara. Majibu yakatoka hakuna vijidudu, na mama akakitundika cheti karibu na kioo, pale wateja wanapojaribia nguo.

Chiriku alipougua, Bi Daftari alikuja kufuatilia. Akaona cheti, akaturuka. Akaenda kwa yule mlezi wa watoto ambaye Chiriku hushinda kwake, ambaye ana pumu na hukohoa kila mtu akimsikia. Akapimwa mara mbili, hana kitu. Lakini maneno yalishatangulia. Kati ya watoto tisa amebaki na wawili. Watu wanasema lisemwalo lipo. Lipo kweli, Mama Mkubwa, ila lipo kwetu. Juzi alinisimamisha njiani na kuniuliza, "Mwanangu, mgonjwa wetu anaendeleaje?" Sikuweza kuinua uso.

Ijumaa nikashindwa kuvumilia. Mdomo ulikataa, kwa hiyo niliandika yote kwenye karatasi nikaisukuma mbele ya Bi Daftari. Alisoma, akavua miwani. Nilijua atanifukuza. Akasema tu, "Mwezi mzima?" Nikaitikia kwa kichwa. Akafungua ukurasa mpya wa daftari, akasema, "Chukua kalamu. Tunaanza upya."

Tukaandika kila aliyevuta hewa ya chumba kile tunachoshonea na kulala: mama, mimi, wanafunzi wake watatu wa ushonaji, na wewe. Wewe ni wa sita. Ulilala wiki tatu kitanda kimoja na mama, dirisha limefungwa. Tafadhali, ukishasoma hapa nenda kapimwe, hata kama hukohoi. Waambie wazi kwamba uliishi na mtu anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu. Na ikiwa unakohoa, usiwasogelee wale wazee mpaka upate majibu. Nisamehe kwa kukuletea habari hii kwa bahasha.

Jumamosi Bi Daftari alikuja nyumbani. Mama alimkaribisha kiti, akamsikiliza hadi mwisho, akamwonyesha cheti. Mgeni alipotoka mama akanigeukia, "Kikulacho ki nguoni mwako." Hakujua jinsi alivyosema kweli. Tangu hapo hasemi nami. Akinihitaji humtuma mwanafunzi wake: "Mwambie daktari wa nyumba hii chai inapoa."

Amekonda, Mama Mkubwa. Yeye anayewapima watu wote amepunguza gauni lake mwenyewe mara mbili. Alhamisi niliona damu kwenye leso, akasema amejichoma sindano. Dirisha la chumba cha kushonea limepigiliwa misumari ili vumbi lisichafue nguo nyeupe. Jumapili niling'oa misumari yote. Jumatatu nikaikuta imerudishwa.

Hospitali sasa wamemzuia kuingia wodini mpaka apimwe. Anamwona Chiriku kupitia kioo cha mlango. Nilidhani hilo litamshinda, lakini bado anakataa. Jana nilimkuta ameweka paji la uso kwenye kile kioo, ananong'ona, "Si mimi, mwanangu. Si mimi." Ndipo nikaelewa. Kumbe si wateja tena anaowaogopa. Anaogopa jibu.

Bi Daftari anasema hakuna anayeweza kumlazimisha mtu kukohoa. Mimi sina neno lililobaki. Wewe ndiye uliyemlea mama mlipofiwa na bibi, na sijawahi kumsikia akikujibu. Mwandikie, au mpigie, leo hii. Mwambie ugonjwa huu una dawa, na akizimeza sawasawa, baada ya wiki chache hatamwambukiza mtu. Mwambie hakuna anayemlaumu. Mwambie pia kwamba Chiriku akipona hawezi kurudi kwenye chumba kile kile na hewa ile ile. Na mimi, kama nimekosea kufichua siri yake, nikemee baadaye.

Nisalimie binamu zangu wote na mjomba, na yule bibi wa soksi. Wanafunzi wa mama wanakusalimu, nao wamekwenda kupimwa jana, yule mrefu akilia njia nzima kwa kuogopa sindano, na hakuna sindano aliyochomwa. Mungu akulinde huko uliko, akupe kifua chepesi na usingizi mzuri, na atuachie Chiriku.

Wako akupendaye,
Kimya (jina ulilonipa mwenyewe)

Nimeifungua tena bahasha. Bi Daftari alituachia kikopo kipya, na kila asubuhi mimi hukiweka juu ya cherehani, jina la mama likitazama mbele. Kila asubuhi nakikuta pale pale, kikavu. Leo nimekuta kimehama, kipo karibu na mkasi, na mfuniko umefungwa. Nikakishika kwa mikono miwili kama yai. Kikalia. Amekijaza vifungo.

Mama Mkubwa, mwambie avimwage.