Kaka wa Juu ya Mawingu

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Habari za huko kwenye baridi, na kile kifua, kimetulia? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ni mgongo tu unanikumbusha umri. Nakuandikia kwenye simu kwa kidole kimoja, nivumilie. Ukipiga unalia, na Kitinda mdogo wako akikusikia unalia anakataa kula. Bora tuandikiane.

Ule uvimbe wake wa kichwani umeshachukua macho yote mawili. Daktari katurudisha nyumbani. Alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida, nikaelewa. Kitinda hakulia. Aliuliza tu, "Sasa anime zangu nitaangaliaje?"

Basi hizo katuni zake naangalia mimi, namsimulia. Simu naiegemeza kwenye cherehani huku nafumua kola za sare. Wanaongea Kijapani, maandishi ya chini Kiingereza, na Kiingereza changu unakijua, hakivuki salamu. Naangalia nyuso zao, yaliyobaki najaza mwenyewe.

Ya kwanza ni ya kijana mwenye panga pana kama mlango. Kabla hajapiga anatangaza atakavyopiga, na adui anasubiri tangazo liishe. Watu wastaarabu sana. Ya pili ni ya wasichana wa mpira wa wavu. Mpira ukirushwa juu, kila mmoja anaanza kukumbuka utoto wake, marehemu bibi yake, kiatu chake cha kwanza, na sehemu inaisha mpira bado uko hewani. Kitinda alicheka mpaka nikamshika asianguke kitandani.

Ya tatu ndiyo kaipenda kweli. Msichana mpishi, yuko kwenye meli inayoruka angani, anamtafuta kaka yake aliyepanda juu ya mawingu kutafuta kazi, asirudi. Inatoka sehemu moja kila Jumamosi.

Jifunike vizuri.

Mama yako


9 Februari

Mama, shikamoo,

Natumaini mgongo umepungua. Kifua bado, na mkono wa kisu umevimba kidogo, lakini kuku hawaishi, tunawakata tu. Simu inakaa kabatini mpaka zamu iishe, ndiyo maana nachelewa.

Kitinda kanitumia sauti, kanisimulia ulivyomsimulia. Mama, nimeiangalia ile ya meli! Yule nahodha wa jicho moja si mhubiri. Ni mwizi! Pale anaponyanyua mikono na wote wameinamisha vichwa, anawagawia zamu za kuiba mafuta. Na yule bibi uliyesema anamwombea msichana, anamtukana. Nimecheka kwenye basi mpaka watu wakahama kiti.

Sasa Kitinda anasema anaitaka yenyewe, si ya kubuni. Siku yangu ya mapumziko nitaangalia mimi, nitakuandikia kila kinachosemwa kwa Kiswahili, wewe msomee.

Kuhusu kuja: karatasi zangu bado ziko kwenye foleni. Nikitoka sasa, kurudi sitaruhusiwa, na hapo tutakuwa tumekwama wote watatu. Mwambie kwa namna unayojua wewe.

Mwanao


24 Februari

Mwanangu,

Nakuombea uzima wa kifua na wa huo mkono. Uuchue kwa maji ya moto, usijifanye chuma.

Uliyoandika yamefika, nimemsomea yote. Nimeona haya. Mwizi mzima nimempa mahubiri mazuri vile! Kitinda kanidaka: "Mama, apa hutaongeza chumvi tena." Nikamwambia jina la Mungu si la kuapia katuni. Lakini nimemwahidi, na ahadi yangu anaijua.

Sasa hawezi kukaa bila mto nyuma. Sauti ya cherehani inampiga kichwani, kwa hiyo nashona akilala. Kila nikimaliza kumsomea anauliza kama yule dada bado anamwekea kaka yake bakuli la supu mezani. Nasema bado anamwekea. Juzi kaniambia, "Akifika tu yule, mimi roho yangu itatulia."

Anasema sehemu ya kumi na mbili ndiyo ya mwisho. Usichelewe nayo.

Mama yako


19 Machi

Mwanangu,

Uko mzima? Jumamosi ya sehemu ya mwisho imepita, na nyingine juu yake, na wewe kimya. Kama ni ugonjwa, niambie. Kama ni kazi, niibie dakika tano.

Kitinda anakunywa kwa kijiko. Akiamka, neno la kwanza, "Kaka kaandika?" Ile sehemu ninayo hapa kwenye simu. Sijaifungua, maana nikiifungua nitabuni, najijua. Andika hata mistari miwili.

Mama yako


22 Machi

Mama, shikamoo,

Unisamehe, zamu zilikuwa mbili mbili. Mzima mimi. Msomee hivi, polepole:

Kaka anafika. Anapanda ngazi ya meli na mabegi mawili, nywele zimekuwa nyeupe kwa baridi ya huko juu. Dada yake mwanzoni hamtambui. Kaka anauliza, "Supu imepoa?" Dada anasema, "Kaa, naipasha." Wanakula. Hata yule nahodha mwizi anafuta jicho lake moja. Meli inageuka, inarudi nyumbani.

Ndiyo mwisho wenyewe. Mwambie kaka anafika.

Mwanao


8 Aprili

Mwanangu,

Uko salama? Nijibu hilo kwanza, nimebaki na wewe tu.

Simu ulikataa kuipokea, mpaka mjomba wako ndiye aliyekupata, kwa hiyo la msiba unalijua. Lakini hili hajakwambia, maana sikumwambia mtu. Barua yako iliingia majirani wakiwa wanapanga mabenchi uani. Kitinda alikuwa ameondoka asubuhi ile ile. Kabla ya hapo nilikuwa namlowesha midomo. Akaniuliza, "Mama, kaka yake kafika?" Jibu lilikuwa mdomoni, nilishalitunga siku nyingi, na ngazi na machozi na kila kitu. Nikasema, "Bado, mwanangu." Kwa sababu nilimwahidi. Akasema, "Haya." Hakusema tena.

Wageni walipoisha niliifungua ile sehemu. Macho ninayo. Hakuna ngazi, hakuna mabegi. Msichana anafika chumba cha kaka yake huko juu, anakuta kitanda kimetandikwa na koti limetundikwa kwenye msumari. Analivaa, linamfika magotini. Anashuka peke yake. Maandishi ya chini sikuyaelewa, wala sikuyahitaji.

Sina kinyongo na wewe. Ila ningejua na wewe utabuni, ningembunia mimi mapema.

Usije sasa. Ngoja karatasi zako. Uje ukae na mimi na cherehani? Sala sijaacha, nazisema zote kama zilivyo, zinaishia darini.

Jana jioni nilijikuta nimeegemeza simu pale pale, nimefungua ile ya mpira wa wavu, nasimulia kwa sauti. Nikamfanya refa kuwa mjomba wao, katoka safari ya mbali, kaja kuwaona wakicheza.

Hakuna aliyenikosoa.

Mama yako