Herufi za Rangi ya Majivu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimechemsha chai, nimefungua tovuti. Kama kila siku. Nimesoma makala moja, nimeongeza koma, nimefunga. Mke wangu yuko Dar kwa mjukuu tangu Juni, kwa hiyo hakuna wa kuniuliza nimekunywa chai na nini. Mkate umeota ukungu. Nimekata pembeni, nimekula.

Miaka sita sasa ninayo hii tovuti. Niliijenga mwenyewe nilipostaafu kufundisha jiografia, na kujifunza kulinitoa jasho. Habari za njia ya misafara, kutoka hapa Tabora kwenda pwani. Nyuma ya maandishi kuna picha ya mlango wa nakshi wa lile tembe la Kwihara, nyumba ya kale ya udongo waliyofikia Wazungu wa misafara. Nilipiga picha ile mwenyewe. Maandishi ni madogo, ya rangi ya majivu, yametandazwa juu ya mlango. Inapendeza.

Mchana Dada Kalunde amepiga kutoka Igunga. Neno lile lile. "Wewe, hizi herufi zako ni sisimizi. Ziongeze." Miaka sita, wimbo mmoja. Nimemwambia simu yake ni ya zamani. Amecheka, amekata. Nimebaki na hasira mpaka magharibi. Hajawahi kuniambia makala ni nzuri au mbaya. Herufi tu.

Alhamisi, 7 Agosti
Tatu amepiga, binti wa Dada. Juzi alimkuta mama yake anamimina chai pembeni ya kikombe, mezani, na hajui. Wamekwenda kwa daktari wa macho. Presha ya macho. Yote mawili. Kilichopotea hakirudi, amepewa matone ya kuzuia kilichobaki. Anaona katikati tu, kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Na tundu linazidi kuwa dogo. Mpaka lini? Daktari hakusema.

Halafu Tatu akaniambia jambo nisilolijua. Mama yake anashinda na tovuti yangu. Kila siku ukurasa, nusu ukurasa, simu imegusana na pua. Tatu akitaka kumsomea, anakataa. "Anasema atasoma kwa macho yake, Mjomba. Anagomba kabisa."

Sikujua. Nilidhani anafungua, anaona herufi, ananipigia kunisema.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekwenda mtaa wa Ng'ambo kwa Seif, fundi cherehani. Rafiki yangu, na msomaji wangu wa kwanza. Kila makala ikitoka ananiambia, "Kazi nzuri Mwalimu." Leo nimempa simu nikamwambia asome palepale, kwa sauti. Amevaa miwani. Ameisogeza simu mbali, ameivuta karibu, ameipeleka kwenye mwanga wa mlangoni.

"Mwalimu, nisikufiche. Mimi huwa natazama mlango."

Miaka sita amekuwa akisifu mlango! Wateja wake wawili wamecheka. Mimi nimecheka pia, cheko la mdomoni. Nimeondoka bila kuchukua suruali niliyompa apunguze.

Njiani nimejiuliza ni wangapi waliotazama mlango. Nadhani wote. Wote isipokuwa mwanamke mmoja Igunga anayepofuka.

Jumapili, 10 Agosti
Naibomoa. Nitaijenga upya, isomeke, kabla lile tundu halijaziba. Sitaki kuandika zaidi.

Jumatano, 13 Agosti
Umeme umekatika mara tatu. Nimefanya kazi hivyo hivyo.

Mlango nimeutoa. Nilidhani ningeumia. Sikuumia, nimeona aibu tu, maana baada ya kuutoa ukurasa ulibaki mweupe na maandishi yangu yakaonekana yalivyo: mistari mirefu kutoka ukingo hadi ukingo, aya ndefu zisizo na mahali pa kupumulia. Nimefupisha mistari. Nimepasua aya. Herufi zilikuwa pikseli kumi na mbili, nimezipeleka ishirini na nne. Menyu ilikuwa na vipengele tisa, nimebakiza vitatu. Rangi ya majivu nimeifuta, nimeweka nyeusi.

Nilipata wapi ile rangi ya majivu? Nakumbuka vizuri. Kwenye tovuti ya profesa mmoja wa Ulaya. Nikajiambia wasomi hawapigi kelele kwa wino mweusi. Upuuzi. Nilikuwa mwalimu miaka thelathini na nne, nimeandika ubaoni kwa chaki watoto wa dawati la nyuma wasome, halafu nikastaafu nikawa naandika ili nisisomeke.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimekumbuka mkaa.

Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita. Dada alikuwa na kumi na minane, hakuwahi kusoma. Akanipeleka shule mimi. Baadaye likaja darasa la kisomo cha watu wazima, naye akajiandikisha, akawa anachoka, anasahau. Basi mimi, mtoto wa darasa la tatu, nikawa namwandikia herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Kubwa. A moja ilikuwa na urefu wa mkono wangu. Anasonga ugali huku anasoma ukuta. Ndivyo alivyojua kusoma.

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa na nilijua kazi hii kuliko sasa.

Jumamosi, 16 Agosti
Leo nimekutana na kitu kibaya, na nimekiweka pale mimi mwenyewe.

Nilipokuza herufi za tovuti nzima, zilikua zote. Hata tanbihi, yale maelezo madogo chini ya ukurasa. Nilikuwa nimeziweka pikseli tisa. Sasa zimepanda mpaka ukubwa wa maandishi mengine, na ile ya ishirini na sita imenitazama usoni.

Inasema hivi: "Katika simulizi ya familia moja, mwanamke alibeba mzigo wa mumewe aliyefia Ugogo hadi pwani. Simulizi hii haina ushahidi wa maandishi."

Familia moja! Familia yangu. Mwanamke huyo ni Nyamizi, bibi wa mama yetu. Alitoka Kwihara na mumewe mpagazi, yeye akibeba vyungu na unga. Mume akafa njiani. Mzigo hauachwi porini, na msafara haumsubiri mjane. Akamzika, akaubeba mzigo ule, akafika nao pwani. Karani akafungua daftari akaandika jina la mume, kwamba amefika. Nyamizi hakuwamo daftarini. Kwa hiyo kwenye karatasi za watu wale, marehemu alifika pwani kwa miguu yake, na aliyefika hakuwahi kuondoka nyumbani.

Hadithi hii nimepewa na Dada, tukimenya karanga. Na kwetu kuna sheria, hata mtoto anaijua: hadithi haianzi mpaka umtaje aliyekupa. "Hii nimepewa na fulani, naye alipewa na fulani." Usipotaja, wanaomenya wanaacha kumenya, wanakutazama. Wanasubiri. Anayesimulia bila kutaja ni mwizi, na huambiwa hivyo kwa kicheko, lakini huambiwa.

Mimi sikutaja. Wazungu waliopumzika Kwihara miezi michache nimewapa kurasa nzima nzima, na picha zao. Nyamizi nimempa mistari miwili ya majivu. Dada sikumpa hata herufi moja.

Jumapili, 17 Agosti
Nimejitetea siku nzima. Kwamba historia inataka ushahidi. Kwamba siwezi kuleta mambo ya jikoni kwenye kazi ya utafiti. Kwamba profesa yule angecheka.

Ukweli ni mfupi. Niliona haya. Nilitaka watu wa mbali wanione msomi, na dada aliyejifunza kusoma kwenye ukuta wa jikoni hakuwa chanzo cha kujivunia. Nimeandika, haifutiki.

Jumanne, 19 Agosti
Dada amepiga asubuhi. Nimemwamkia, ameitika, ameuliza tovuti imefika wapi, maana Tatu kamwambia naitengeneza. Nimesema bado kidogo. Uongo. Tangu Jumamosi sijagusa kitu. Naweza kuiacha tanbihi ilivyo, herufi ni kubwa sasa, ataisoma. Ataisoma "familia moja". Ataisoma "haina ushahidi".

Naweza pia kuifuta, asiione kabisa. Nimefikiria hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa.

Saa kumi Tatu ametuma ujumbe. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia, asubuhi kidogo tu, mwanga ukiwa mzuri.

Alhamisi, 21 Agosti
Nimeandika siku mbili. Nimeitoa hadithi ya Nyamizi chini, nimeiweka ukurasa wa mbele. Nzima, kama nilivyoisikia. Wazungu wamekwenda ukurasa wa tatu, atakayewataka atawatafuta.

Mstari wa kwanza umenisumbua kuliko yote. Nimeufuta na kuurudia mara nyingi, kila mara nikiupamba. Mwisho nimeuacha kama unavyosemwa: "Hadithi hii nimepewa na dada yangu Kalunde, naye alipewa na mama yetu." Herufi za mstari ule nimezifanya kubwa zaidi. Zinajaza kioo cha simu. Maneno matatu kwa mara moja, basi.

Kesho basi la asubuhi, kwenda Igunga.

Jumamosi, 23 Agosti, Igunga
Jana nilifika mchana, mwanga mkali, jicho lake lilikuwa limeshachoka. Tukasubiri leo.

Asubuhi Tatu amemtolea kiti uani. Nimempa simu mkononi. Nilitaka kumsomea, amenipiga kibao mkononi, kidogo, kama zamani. Ameileta simu mpaka karibu na kope. Akawa anasogeza kichwa, si simu. Hadithi. Hii. Nimepewa. Anasoma kwa sauti, neno moja moja, kama alivyosoma ukuta. Na. Dada. Yangu.

Amefika kwenye jina lake, amesimama. Amelirudia kimya, midomo inacheza. Halafu ameshusha simu mapajani.

"Nilikuwa nalitafuta hili," amesema.

Nimeuliza lipi. Akaeleza, taratibu, bila ugomvi hata kidogo. Mwaka ule nilipoanza tovuti, mwalimu mmoja jirani yake, anayeijua hadithi ile, alimwambia msibani: mdogo wako ameandika habari za bibi yenu aliyebeba mzigo. Dada akafurahi. Akajua kwamba kama nimeiandika, basi nimemtaja, maana sheria ninaijua. Hakutaka kuonyeshwa wala kusomewa. Alitaka alione jina lake mwenyewe, kwa macho yake. Akaanza kutafuta. Ukurasa baada ya ukurasa. Hakuliona. Akadhani ni herufi, ni ndogo mno, zinampita. Ndiyo maana akawa ananipigia.

Miaka sita.

Hakuwahi kufikiri kwamba halimo. Hilo halikumjia kabisa.

Nimeweza kumwambia. Sijui nimewezaje. Nimesema, "Dada, halikuwepo. Nimeliandika juzi."

Tatu aliacha kuosha vyombo. Dada alinyoosha mkono akatafuta ungo wa karanga, akaupata, akaanza kumenya. Alimenya muda mrefu. Hakuniita mwizi. Ningependa angeniita, hata kwa kicheko.

"Haya, endelea," amesema mwishowe. "Nisomee iliyobaki. Jicho limechoka."

Nimesoma. Nilipofika pale ninaposema Nyamizi alibeba mtoto mgongoni, amenikatiza. "Tumboni. Alikuwa tumboni. Hayo maandishi yako usiyaamini sana." Nimerekebisha palepale, kwa simu, mbele yake. Ameuliza kama nimerekebisha kweli. Nimesema kweli, Dada.

Jumapili, 24 Agosti
Nimerudi Tabora. Vumbi mpaka kwenye meno. Sikulala kwenye basi. Nimehesabu asubuhi za miaka sita ambazo alikuwa na macho mazima.

Jumatano, 27 Agosti
Seif ameleta suruali mwenyewe nyumbani. Amesoma ukurasa wa mbele wote, amesimama mlangoni, bila miwani. Ameniuliza, "Huyu Kalunde yupo hai?" Nimesema yupo. Amesema nimpelekee salamu. Hakusema kazi nzuri. Nimeshukuru kwamba hakusema.

Jumapili, 31 Agosti
Dada amepiga. Tatu alikuwa amembonyezea namba. Amezungumzia karanga, kwamba mwaka huu ni ndogo. Amezungumzia ng'ombe wa jirani aliyeingia uani. Ameuliza mke wangu anarudi lini, na kama nakula vizuri. Nimesema nakula.

Herufi hakuzitaja. Nimesubiri mpaka mwisho wa mazungumzo. Nilijikuta nataka aseme, neno lile lile nililokuwa nalichukia. Ameniaga, amekata.

Halafu nimefungua tovuti, nimeongeza herufi pikseli mbili. Nimehifadhi.