Kitabu Kilichokutazama Wewe

Mwalimu Skolastika, mama yangu wa kazi,

Nimekaa kwenye kiti chako. Kile chenye mguu mfupi. Bado nakiwekea kigae chini, na bado kinayumba. Tangu tukuzike hapa Usevya, darasa la kwanza nimepewa mimi. Mwalimu mkuu alisema hakuna anayeijua kazi yako kama mimi. Nilimshuku palepale. Nadhani hakuna mwingine aliyelitaka.

Unanijua nilivyo. Hata debe la mahindi likipimwa mbele yangu nalitikisa kwanza. Ulikuwa unanicheka: "Wewe binti ungefaa polisi." Lakini ni wewe uliyenifundisha, nilipofika hapa nimetoka chuo, kwamba mtoto anayesoma mbio asiaminiwe haraka, huenda anaimba tu. "Mfungulie ukurasa mwingine," ulisema, "halafu mtazame macho, siyo mdomo."

Basi nikawafungulia kurasa, mmoja mmoja. Wengine walikuwa wanaimba kweli, wengine wanasoma. Akaja Minza, yule binti wa Mzee Masanja, wa wale Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao ng'ambo ya mto. Wewe ulikuwa umetuambia sote kwamba anawapita wenzake kwa kusoma. Nikampa kitabu. Kimya. Nikafungua ukurasa mwingine. Kimya, anatafuna kola ya sweta. Hata neno "mama" halikumtoka.

Hapo, Mwalimu, nikakushuku wewe. Nilikumbuka kibuyu cha maziwa ya mgando kilichokuwa kinakufikia kutoka kwa Mzee Masanja. Na mimi niliyanywa, tena ulinimiminia kikombe kikubwa, lakini siku hiyo yalinichachia tumboni miezi mingi baada ya kuyanywa. Nilirudi nyumbani nalia. Kukuzika kulikuwa kumeniuma, lakini hili la kudhani kwamba na wewe ulikuwa unanunulika liliniuma vibaya zaidi, kwa sababu sikuwa na wa kumuuliza.

Nikamwita Mzee Masanja shuleni. Nikamwambia binti yake atarudia darasa. Hakupaza sauti.

"Akirudia namtoa," alisema. "Wenzake wako nyumbani wanamsaidia mama yao. Huyu nilimleta kwa sababu yule mama mwalimu aliniambia anajua. Sasa na nyie mnanichanganya."

Minza alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, karibu na baba yake. Kitabu kilikuwa wazi mbele yangu, kimenielekea mimi, nikitaka kumwonyesha mzee ukurasa uliomshinda binti yake. Nikasikia sauti ndogo. Minza anasoma. Ukurasa uleule! Neno kwa neno, na macho yake yanatembea.

Unadhani niliamini? Nilifunua mwisho kabisa wa kitabu, tusikofika bado. Akasoma, polepole, akijikwaa, lakini akasoma. Nikamgeuzia kitabu kimwelekee yeye, apate kusoma vizuri. Kimya. Nikakirudisha kinitazame mimi. Akaendelea alipoishia.

Mzee Masanja akanitazama. "Sasa mwalimu, huyu anajua ama hajui?"

Nilimuuliza Minza anakaa wapi watoto wakisoma. Akanionyesha sakafuni. Unajua vitabu vyetu: kimoja kwa kundi zima, kinawekwa chini katikati, watoto wanakizunguka. Wenye nguvu wanawahi upande wa kitabu. Minza alikuja mgeni, Kiswahili chenyewe bado kinamsumbua, akapata nafasi iliyobaki, ng'ambo. Tangu siku ya kwanza ameziona herufi zimesimama kwa vichwa, naye akadhani ndivyo zilivyo. Akazijua hivyohivyo.

Nilimwambia baba yake anajua, na hatarudia. Mzee akacheka mpaka akaegemea fimbo yake. Mimi nilitaka kulia tena.

Sasa namgeuzia kitabu kidogo kidogo. Tulianzia juu chini, alivyozoea. Siku hizi anasoma kimelala ubavu, shingo ameipinda kama kuku anayesikiliza. Na kila Jumatatu makundi yote yanazunguka, aliyekaa ng'ambo anahamia upande wa kitabu. Wenye nguvu wananinunia. Wanune.

Lakini sijamaliza na wewe. Minza ameniambia ulikuwa unamsomesha hapa mezani, wewe kwenye kiti hiki, yeye amesimama mbele yako. "Kitabu kilikuwa kinamwangalia yeye," alisema. Je, ulijua? Ulikuwa unangoja mpaka azizoee herufi, ndipo uanze kumgeuzia? Au ulikifungua tu kama tunavyofungua sote, akasoma, ukafurahi, wala hukutambua? Siku zingine naamini lile, siku zingine hili. Ungeniachia hata neno moja, Mwalimu. Nakupenda, na bado nakushuku.

Maziwa nimekusamehe. Jana kibuyu kimekuja tena, safari hii kwangu. Nimekirudisha kikiwa kimejaa, kisha nikajilaumu, nilikuwa nayatamani.

Pumzika sasa. Nakuahidi Minza hatoki darasani kwa sababu yangu, na siku atakayosoma kitabu kimesimama sawasawa nitamleta kaburini kwako akusomee. Barua hii nitaileta mwenyewe Jumapili baada ya misa. Nitakaa mbele yako, nitaielekeza kwako uione vizuri, nami nitaisoma kutoka ng'ambo.

Binti yako wa darasa la kwanza,
Veronika